Maswali ya Wasomaji: Ofisi Ndogo ya Upelelezi na Kesi Zinazokwama

Barua za toleo hili karibu zote zimegusa kitu kimoja, kampeni za wapelelezi, yaani zile stori ndefu za gemu mnazocheza kikao baada ya kikao, na sio wapelelezi wakubwa wa serikali, ni kale kaofisi kadogo ka watu watatu wanne, meza mbili, kabati la faili na mlango wenye jina, mteja anabisha hodi, anakaa, anaanza kulia au anaanza kudanganya. Nimefurahi sana kuziona maana katika gemu zote za kuigiza mezani hii ndo naipenda kuliko zote, nimeiendesha miaka mingi na hamu haijaniisha. Kwa wageni wa safu hii: gemu masta anasimulia dunia na kuwachezea watu wote waliomo, kila mchezaji ana mhusika wake mmoja anayemsemea na kumwamulia mambo, na pale ambapo matokeo hayajulikani mnarusha dadu. Ni hivyo tu. Haya, tuanze na ile ndefu.

Shikamoo dada. Naendesha kampeni ya ofisi ya upelelezi, wachezaji wanne, tuko kikao cha tano. Kesi ni ya fundi saa aliyekutwa amekufa kwenye karakana yake. Ushahidi wa maana ulikuwa kitabu cha madeni alichokificha nyuma ya saa kubwa ya ukutani. Mpelelezi mmoja akarusha dadu kupekua, akakosa. Mwingine akarusha, akakosa. Wakatoka. Kuanzia hapo saa nzima wakawa wanazunguka, wanawahoji majirani walewale, mmoja akaanza kuchezea simu. Mwisho nikawaambia tu kwamba polisi wamekikuta kitabu. Nilijisikia vibaya na wao niliwaona wamenyong'onyea. Nifanyeje isijirudie? — Gemu masta mwenye kesi iliyolala

Marahaba mdogo wangu, na pole, hiyo saa moja naijua, inakuwa ndefu kuliko kampeni nzima. Nikwambie mapema ili usilale na mawazo: wachezaji wako hawana tatizo na dadu hazina tatizo. Kesi yako ilikuwa na mlango mmoja tu, na huo mlango ukautia kufuli linalofunguka kwa bahati.

Hili jambo limetoka mbali. Gemu hizi zilianza kuuzwa mwaka 1974 na Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, na mle ndani sehemu kubwa ya dadu ilikuwa ya mapigano. Ukipiga upanga ukakosa, adui naye anakupiga, stori inasonga, kwa hiyo kukosa nako ni tukio. Mwaka 1981 ikaja Call of Cthulhu ya Sandy Petersen, wahusika wake ni watu wa kuchunguza zaidi ya kupigana, ujuzi wao unaandikwa kwa asilimia na unarusha dadu za mia, ukipata namba sawa na ujuzi wako au chini yake umefaulu. Gemu nzuri mno, nimeicheza na nitaicheza tena. Ila wengi wetu tukabeba mazoea ya kupekua kwa dadu kama vile tunapiga upanga, na kupekua sio upanga. Ukikosa kupekua hakitokei kitu. Chumba ni kilekile, wachezaji ni walewale, na wewe umekalia kitabu cha madeni huwezi hata kukitaja.

Twende kwenye hesabu kidogo, maana watu huwa hawaamini mpaka waone. Chukua mpelelezi mwenye ujuzi wa asilimia 50, kesi ina hatua nne za kuelewa, kila hatua ina kidokezo kimoja cha kurushiwa dadu. Uwezekano wa kuzivuka zote nne ni nusu ya nusu ya nusu ya nusu, yaani mara 1 kati ya 16. Kesi kumi na tano zimekufa ili moja ipone! Mwaka 2008 gemu masta mmoja, Justin Alexander, aliandika kanuni ambayo wengi tunaitumia mpaka leo, kwamba kila kitu unachotaka wachezaji wakigundue kiwekee angalau vidokezo vitatu. Ukifanya hivyo, kukosa vyote vitatu kwenye hatua moja kunashuka hadi mara 1 kati ya 8, na kuvuka hatua zote nne kunapanda hadi kama asilimia 59. Ni tofauti kubwa sana, lakini angalia vizuri, bado karibu kesi mbili kati ya tano zinafia njiani kwa sababu ya dadu tu, sio kwa sababu watu wameshindwa kufikiri.

Ndo maana mimi nafanya vyote viwili. Vidokezo vitatu, na vile vya lazima havirushiwi dadu kabisa. Hili la pili Robin D. Laws alilijengea mfumo mzima unaoitwa GUMSHOE: mhusika akiwa na ujuzi unaohusika, akafika mahali penyewe, akasema anatafuta, anapewa. Imeisha. Huhitaji kuununua mfumo huo ili kuitumia hii, ichukue uipeleke kwenye gemu yoyote unayocheza.

Najua utakachouliza, si itakuwa rahisi sasa? Hapana, na hapa ndo naomba unisikilize kwa makini. Kazi ya mpelelezi sio kukiona kitu, ni kukielewa kitu ambacho kila mtu amekiona. Turudi kwenye karakana yako. Unachotaka wagundue ni kwamba marehemu alikuwa anakopesha watu pesa kwa siri. Kitabu kiache nyuma ya saa, sawa. Ongeza kijana aliyekuwa anajifunza kazi pale, anasema usiku walikuwa wanakuja watu, na cha ajabu wengi wao walikuja na saa mkononi wakaondoka mikono mitupu. Halafu ongeza droo. Mchezaji akisema tu anafungua droo, mpe kila kitu bila dadu: saa kumi na moja zimepangwa kwenye kitambaa, kila moja ina kikaratasi kimefungwa kwa uzi, kikaratasi kina jina na tarehe, na zote kumi na moja zinatembea vizuri kabisa, unasikia tiki tiki tiki za saa kumi na moja zisizoenda pamoja. Kisha nyamaza. Usiongeze neno.

Mtu atauliza, "zote zinafanya kazi?" Jibu ndio. Watakaa kimya kidogo halafu mmoja atasema fundi saa gani anakaa na saa nzima ambazo hazijaharibika, na mwingine atasema hizi sio za kutengenezwa bwana, hizi zimewekwa rehani. Hapo hujamnyima mtu kitu chochote na bado wamefanya upelelezi wa kweli kwa vichwa vyao. Na wakishajua kulikuwa na rehani, kitabu cha madeni wataenda kukitafuta wenyewe, mpaka nyuma ya saa ya ukutani watafika.

Sasa dadu zifanye kazi gani? Ziamue gharama. Kitabu wamekipata, hilo halina mjadala, lakini dadu zimekataa, basi wakati anakitoa ile saa ya ukutani inasimama, na muuaji akipita dirishani kesho asubuhi atajua kuna mtu ameigusa. Au wanasikia funguo mlangoni na wana nafasi ya kuchukua kitu kimoja tu, kitabu au saa moja yenye jina. Dadu zikikubali sana, mpe cha ziada, mfano ukurasa mmoja umechanwa na alama za kalamu zimebaki kwenye ukurasa wa chini yake. Hivyo kukosa kunakuwa tukio tena, kama upanga.

Na hilo la polisi kukikuta kitabu, usijilaumu sana. Ulitoa habari, ulifanya sawa. Ungeitoa saa moja mapema tu.

Mambo dada. Kampeni yetu tunaiita ya ofisi ya upelelezi ila kiukweli ofisi yenyewe haionekani, kesi inaisha kesi inaanza, ofisi ni mahali pa kuamkia tu. Nataka wachezaji waipende kama wanavyowapenda wahusika wao. — Watatu na meza moja

Poa ndugu yangu. Swali hili limenifurahisha kuliko yote, maana wengi hawalioni kabisa. Ofisi ndo mhusika mkuu wa kampeni yenu, sasa mpe karatasi yake ya mhusika. Nasema karatasi halisi, ikae katikati ya meza kila mtu aione, kila mtu ana haki ya kuiandika.

Mle ndani weka vitu vichache. Deni: ofisi inadaiwa nini na nani. Jina: watu mtaani wanasemaje kuwahusu. Maadui. Mtu wa ndani, yaani karani wa mahakama, mlinzi wa bandari, yeyote anayewapa habari. Na kitu kimoja ambacho ofisi haifanyi hata ilipwe kiasi gani, hiki waachie wachezaji wakiamue wenyewe siku ya kwanza na wabishane mpaka wachoke, kitakuja kuwauma vizuri huko mbele.

Kodi na madeni msihesabu sarafu kwa sarafu, inachosha. Chora duara, ligawe vipande sita, kila kesi isiyolipa unaweka wino kipande kimoja, likijaa mwenye nyumba anakuja. Staili hii ya maduara ya vipande vinne, sita au nane imesambaa sana kupitia gemu ya Blades in the Dark ya John Harper, iliyotoka mwaka 2017. Uzuri wake ni kwamba wachezaji wanaliona duara. Hujawaficha. Wanajua kabisa limebaki vipande viwili na bado mteja asiye na pesa amekaa mbele yao anapangusa macho.

Ukitaka kuona kwa nini ofisi yenyewe ni stori, angalia zile za kweli. Mwaka 1833 huko Paris Eugène-François Vidocq alifungua ofisi yake binafsi ya habari na upelelezi, na huyu alikuwa mhalifu kabla hajawa mkuu wa polisi wa upelelezi, fikiria mtu wa namna hiyo amekaa meza ya mbele anapokea wateja! Kule Chicago Allan Pinkerton akaanzisha yake karibu mwaka 1850, akaweka nembo ya jicho na maneno kwamba hawalali kamwe. Mwaka 1856 akaingia Kate Warne kuomba kazi, Pinkerton akadhani anataka ukarani. Akamwambia hapana, nataka upelelezi, mwanamke anaweza kuingia mahali ambapo wanaume wako hawawezi kuingia. Akaajiriwa, na muda si mrefu kwenye kesi ya wizi wa pesa za kampuni ya usafirishaji akajifanya rafiki wa mke wa mtuhumiwa mpaka pesa nyingi zikapatikana. Ofisi ileile baadaye ikaja kukodiwa na matajiri dhidi ya wafanyakazi waliogoma, jina lake likawa linachukiwa na watu wengi. Nani anaingia kazini, kesi gani mnachukua, mteja gani mnakataa: humo ndimo ofisi inapojengwa au kubomoka, na hayo ni maamuzi ambayo wachezaji wako wanaweza kuyafanya kila kikao.

Kwa hiyo mara mojamoja walete wateja watatu asubuhi moja na muda wa kesi mbili tu. Niliwahi kufanya hivyo. Mteja wa tatu alikuwa mama mmoja mpole, alitaka tu kujua nani anamletea maua mlangoni tarehe ileile kila mwaka. Wachezaji wangu wakamkataa kwa adabu, wakachukua kesi ya mfanyabiashara aliyekuwa analipa vizuri. Nikaandika jina la yule mama pembeni. Vikao vinne baadaye wako kwenye korido ya mahakama kwa shughuli nyingine kabisa, wakamkuta mwanamume anatoka anatetemeka, amefukuzwa kazi, ameitwa mfuatiliaji wa wanawake, na kosa lake ni kwamba ofisi nyingine ya upelelezi, ile pinzani, ilimtaja yeye kuwa ndo mleta maua. Hakuwa yeye. Meza ilinyamaza kabisa. Halafu mchezaji mmoja akavuta bahasha tupu, akaandika jina la yule mama juu yake, akasema tufungue faili. Hakuna mteja, hakuna malipo, na kale kaduara ka kodi kalikuwa kamebakiza kipande kimoja.

Hizo bahasha pia nakushauri uwe nazo. Kila kesi bahasha moja, ramani na barua na picha mnazochora zinaingia humo, kesi ikiisha wachezaji wanaandika mstari mmoja juu yake kwa maneno yao. Baada ya miezi mnakuwa na rundo la bahasha na mtu akishika moja anakumbuka kila kitu.

Dada naomba msaada wa haraka. Mchezaji wangu mmoja alimjua muuaji ndani ya nusu saa ya kwanza, na kikao ni kesho kutwa tunaendelea. Nibadilishe muuaji? — Nimebanwa

Usibadilishe. Tafadhali sana usibadilishe. Ukimbadilisha muuaji maana yake kila kidokezo ulichotoa kilikuwa uongo, na mchezaji aliyefikiri vizuri kuliko wote ndiye uliyemwadhibu. Watu wanalijua hilo, kama sio kesho basi mwezi ujao, na wakishajua hawatafikiri tena kwenye meza yako, watasubiri uwaambie.

Kujua ni kitu kimoja na kuthibitisha ni kingine kabisa. Tuseme mmeshamjua ni mjomba. Sawa, mpeni hongera huyo mchezaji kwa sauti, kisha uliza, mtamwambia nani? Mna nini mkononi? Mteja wenu ni mpwa wake na anampenda, nani atamwambia? Na mjomba akishaona mnamtazama kwa jicho lile, atafanya nini usiku wa leo? Nusu saa ya kumjua, na vikao viwili vya kumkamata, na mara nyingi hivyo viwili ndo vinakuwa vitamu zaidi kwa sababu sasa mnakaa mezani na mtu, mnaongea naye vizuri, na nyote mnajua.

Kuna gemu moja ambayo haina muuaji aliyepangwa toka mwanzo, Brindlewood Bay ya Jason Cordova. Humo wachezaji wanakusanya vidokezo, wanakaa pamoja wanajenga maelezo yao, kisha wanarusha dadu mbili, wanaongeza idadi ya vidokezo walivyovitumia na kutoa ugumu wa kesi, wakifika 7 maelezo yao yanakuwa ndo ukweli ingawa kwa shida, wakifika 10 mambo yananyooka zaidi. Inafanya kazi vizuri sana, nimeiona. Lakini pale kila mtu mezani anajua tangu mwanzo kwamba ndivyo mnavyocheza. Wako hawakuambiwa hivyo, wao waliambiwa kuna mtu mmoja amefanya na watafute. Kama unaipenda hiyo staili, waulize kabla ya kesi ijayo.

Habari yako dada. Kwenye meza yetu kuna kaka mmoja anajua kuongea, anahoji mashahidi wote, anapekua vyumba vyote, na kuna dada mwingine hajasema hata maneno kumi kikao kizima. Sitaki kumkera kaka wala kumlazimisha dada. — Naogopa kuharibu

Nzuri, na asante kwa kuwafikiria wote wawili. Kwanza muulize huyo dada, mkiwa wawili tu, kama anafurahia. Kuna watu wanafurahia kusikiliza kwa kweli na ukiwasukuma unawaharibia. Akisema anafurahia, mwamini.

Akisema angependa kushiriki zaidi, mkumbuke Kate Warne. Kila mhusika awe na mlango ambao yeye peke yake anaweza kuupita. Mhusika wake ni nani? Kama aliwahi kuwa muuguzi, basi daktari wa chumba cha maiti ni rafiki yake wa zamani na haongei na mtu mwingine yeyote, anataka aje yeye, peke yake. Huna haja ya kumnyamazisha kaka, shahidi mwenyewe ndo amechagua nani wa kuongea naye. Na siku nyingine fungua mambo mawili saa ileile, mazishi yako upande huu na mnada uko upande ule, ofisi ina watu wanne, gawaneni. Kaka hawezi kuwa kote kuwili. Ukiwagawa hivyo, katisha kila baada ya dakika tano au kumi, ukiacha upande mmoja mlango ndo unafunguka, wanaosubiri hawatachoka.

Tena mpe kitabu cha kumbukumbu za kesi kama anakitaka. Nimeona watu wakimya wakiwa ndo wanaosema, subirini, huyu mtu kikao cha pili alituambia alikuwa safarini.

Kesi za wapelelezi zinakuwa nzito, mauaji, watoto waliopotea. Mchezaji wetu mmoja alifiwa mwaka huu. Tuache? — Mwenzao

Msiache bila kumuuliza, na msiendelee bila kumuuliza. Kaeni kabla ya kikao kijacho, kila mtu aseme vitu ambavyo havitaonekana kabisa kwenye gemu yenu, na vitu ambavyo vinaweza kuwepo lakini mnavipitia juujuu bila kusimuliwa. Andikeni. Halafu wekeni mezani kadi yenye alama ya X, wazo la John Stavropoulos, mtu akiigusa mnaruka lile jambo papohapo bila kumuuliza sababu. Na kesi za upelelezi sio lazima ziwe na maiti, kuna wosia wa kughushi, kuna mtu anayeishi kwa jina la mwingine, kuna barua zinazofika zikiwa zimefunguliwa. Mpe pole kutoka kwangu.

Shikamoo. Naandaa kurasa ishirini kila kesi na wachezaji hawagusi hata nusu. Nimechoka. Halafu nataka kuanza kampeni mpya, nianzie wapi? — Mwandishi wa usiku

Marahaba. Pole kwa kukesha. Nadhani kurasa zako zinaeleza yatakayotokea, kwamba wataenda hapa, watamkuta huyu, atawaambia hivi. Wao hawajazisoma, wataenda kwingine. Andika yaliyotokea badala yake. Usiku wa tukio, saa kwa saa, nani alikuwa wapi, hiyo ni nusu ukurasa. Watu watano au sita, kila mmoja mistari mitatu: anajua nini, anaficha nini, anataka nini. Na mistari michache ya mwisho, mhalifu atafanya nini kesho, kesho kutwa na mtondo kama hakuna wa kumzuia. Kurasa mbili zinatosha. Wachezaji wakienda popote unajibu kutoka kwenye ukweli, sio kutoka kwenye mpango, na utashangaa jinsi unavyokuwa mkarimu wa habari pale ambapo huna mpango wa kuulinda.

Kuhusu pa kuanzia, nikupe kesi ninayoipenda, itumie utakavyo. Wachezaji wamepanga ofisi leo. Chumba kina vumbi na kabati la chuma ambalo mpangaji wa zamani hakulichukua. Kabla hawajabandika jina mlangoni anaingia mzee mmoja, kofia mkononi, anauliza, je, mmeshapata jibu langu? Anadhani wao ndo wale wa mwanzo. Mpelelezi aliyekuwa pale kabla yao alichukua kesi yake, akachukua na malipo, kisha siku moja hakuja kazini na hajaonekana tena. Mzee hajui hilo. Usifiche kabati, usilifunge kwa ufunguo, wasirushe dadu. Wakilivuta linafunguka kwa mlio mbaya na mle ndani kuna bahasha moja tu, jina la mzee juu yake kwa mwandiko mzuri wa kutulia, tarehe ya kufunguliwa, na chini yake ule mstari wa kufungia kesi, wenye maneno matatu tu na kalamu imekatikia hapo.

Maneno hayo matatu yaandike wewe.